Ukwapi na Utao wa Magitaa Mawili

Msomaji wa ushairi wa visiwani hahitaji kufundishwa maana ya kujibizana. Majina ya Kamange na Sarahani wa Pemba aghalabu hutajwa pamoja. Akikumbukwa mmoja, mwenzake hufuata, kwa kuwa walizoea kurushiana neno na kudakiana. Kabla yao Muyaka bin Haji wa Mombasa alitupiana tungo na washairi wa Lamu, na ugomvi wa miji ile miwili ukapiganwa kwa mizani kama ulivyopiganwa kwa silaha. Hata mshororo wetu wenyewe una watu wawili ndani yake: ukwapi husema, utao hujibu, na kina cha kati ndicho mlango baina yao.

Makala haya yanahusu majibizano ya namna nyingine, yaliyofanywa kwa Kiswahili katika miaka ya 1950 na 1960, mbali na bahari, na watu wasiojiita washairi. Vyombo vyao vilikuwa magitaa makavu, yaani yasiyotumia umeme, mara nyingi mawili kwa wakati mmoja. Muziki wao ulichanganya rumba ya Kuba, jazz ya sahani za santuri na midundo ya nchi za bara. Nyimbo zao zilivuka mipaka ya makoloni manne au matano. Lakini tukizipekua diwani na tahakiki zetu hatuwakuti, kana kwamba Kiswahili kilichoimbwa na fundi wa mgodini hakikuwa Kiswahili. Nia ya makala haya ni kudai kwamba tumejinyima urithi ulio wetu, na kuonyesha kwamba njia iliyoupeleka ule muziki kule ilianzia kwetu.

Masimulizi yenyewe yaanzia mbali na gitaa. Katika nchi ya Wasukuma, kutoka Mwanza hadi Bariadi, vyama vya wawindaji, waganga na wacheza ngoma ndivyo vilivyokuwa shule za utunzi. Mtu wa Kasoli, katika wilaya ya Bariadi, eneo ambalo tangu 2012 limo katika mkoa wa Simiyu, huzijua vyema ngoma za Bagika na Bagalu. Vyama viwili husimama siku moja uwanja mmoja, kila kimoja na mtunzi wake, dawa zake na vijembe vyake. Watazamaji huwa huru kukimbilia upande unaowavuta, na upande uliobakiwa na uwanja mtupu ndio ulioshindwa. Hapana mwamuzi mwingine. Mtunzi wa huko hutunga akijua kwamba hatua chache kutoka alipo yupo mwenziwe anayemsikiliza ili amjibu.

Miongoni mwa vyama vya nchi hiyo kilikuwamo cha wawindaji wa tembo, bayege, wenye nyimbo zao za porini. Jina hilo ndilo linaloelezwa kuwa asili ya jina la Bayeke, watu waliotoka magharibi mwa Tanzania ya leo, Wasumbwa na Wanyamwezi walio jamaa wa Wasukuma kwa lugha na desturi, wakaifuata shaba na pembe hadi kusini ya Kongo. Kiongozi wao alikuwa Ngelengwa, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mwenda Msiri. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alijenga dola la Garenganze, makao yake yakiwa Bunkeya. Dola hilo lilistawi kwa shaba, kwa pembe za ndovu na, hapana budi kusema, kwa watumwa. Misafara iliyofika Bunkeya ilikuwa na watu wa pwani au watu waliojifunza lugha ya pwani, na kwa njia hiyo Kiswahili kikaingia Katanga kabla ya Mzungu yeyote kufikiri kukitumia kutawalia.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi akafa, mikononi mwa msafara wa Kapteni Stairs uliokuwa ukiitafutia nchi hiyo bendera ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Msafara huo ulikuwa umeundwa huku pwani, na wapagazi wake wengi waliandikwa Zanzibar na mrima. Kwa hiyo pwani yetu ilikuwapo siku dola la Bunkeya lilipoanguka, kama ilivyokuwapo lilipokuwa likinunua bunduki. Twafanya vyema kulikumbuka hili kabla hatujawaita watu wa kule wageni katika lugha yetu.

Kilichofuata kilifanywa na shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ukaanzishwa mwaka 1910. Watu wa makabila mengi walikusanywa katika kambi za migodi, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha madrasa wala cha utenzi. Kilizaliwa upya midomoni mwa Waluba, Wabemba, Wasanga na Bayeke, wakasema *batu* pale tusemapo watu, na neno *iko* wakalibebesha kazi kumi. Watoto wakazaliwa nacho, na ikawa lugha ya kuombea mkopo, ya kutongozea na ya kuzikia. Lugha iliyofika hapo hukosa kitu kimoja tu, nacho ni chombo cha kuimbia.

Chombo hicho kilifika kwa njia ndefu, nayo pia ilipita karibu na nyumbani kwetu. Sisi wa visiwani twalijua udi. Ndilo lililokaa kati ya kundi la Siti binti Saad pamoja na fidla na dafu, walipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mashine ya santuri. Udi hilo hilo lilikuwa limefika Andalusia karne nyingi kabla. Mwanamuziki Ziryab, aliyetoka Baghdad akafika Cordoba mwaka 822, husimuliwa kuwa aliliongezea uzi wa tano. Katika nchi hiyo ya Hispania, ambako Waarabu, Wayahudi, Wakristo na baadaye Waroma walisikilizana hata walipochukiana, udi na gitaa viliishi mtaa mmoja, na humo ndimo ilimokuja kuzaliwa flamenco. Paco de Lucía, bingwa wa gitaa la flamenco, alipoipa sahani yake ya mwaka 1990 jina la *Zyryab*, alikuwa akilipa deni ambalo masikio yake yalilijua.

Kutoka Hispania gitaa lilivuka bahari hadi Kuba, likakutana na ngoma za watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, wengi wao wakiwa wa Kongo. Trio Matamoros wa Santiago, walioanza mwaka 1925, walikuwa watu watatu: magitaa mawili na kayamba za mkononi ziitwazo maracas. Kampuni ya His Master's Voice, ile ile iliyotoa sahani za Siti, ilianza mwaka 1933 kuuza Afrika mlolongo wa sahani ulioandikwa herufi GV, nyingi zikiwa za Kuba na nchi jirani zake. Mabaharia, makarani na wachimba migodi walizinunua. Waliosikia wakatambua kitu walichokuwa nacho tayari: gumba la chini lililo thabiti, na juu yake sauti inayocheza nje ya pigo na kurudi.

Hapo ndipo anapotokea Mwenda Jean-Bosco. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na jina lake ni lile lile la Msiri, ambalo watawala wa Bayeke hulirithishana. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimsikia Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akipiga gitaa mitaani. Miongoni mwa vipande alivyomrekodi kilikuwamo *Masanga*, ambacho kilienea barani na kutukuzwa na watafiti wa muziki. Bosco aliimba kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za kwao, na vidole vyake vilikuwa viwili tu: gumba na cha shahada.

Yafaa tusimame kidogo katika vidole hivyo viwili, maana ndiko uliko utamu wa jambo hili. Gumba hushuka katika nyuzi nene, likipiga kama mtu atembeaye pasipo haraka. Kidole cha shahada hupanda katika nyuzi nyembamba na kufuma sauti nyingine, ambayo haianzi pale gumba lianzapo wala haiishi pale liishiapo. Sikio likifuata gumba husikia hesabu ya mbili. Likifuata shahada husikia hesabu ya tatu. Hesabu hizo hukutana kila baada ya mapigo kadhaa, kisha huachana tena. Basi Bosco alipokuwa peke yake kitini walisikika wawili, na msikilizaji aliyelelewa na tungo zetu hakosi kutambua ukwapi na utao, pamoja na kina cha kati kinachowapatanisha.

Ukichukua mikono miwili ya namna hiyo ukaiweka karibu na mingine miwili, utapata kile kilichofanyika Bosco alipopiga pamoja na binamu yake, Edouard Masengo. Gitaa la pili halikuwa mtumishi wa la kwanza. Wapigaji wa mtindo huu hawakupenda kupiga kitu kimoja kwa mara mbili. Wa kwanza akikaa chini ya shingo ya gitaa, wa pili hupanda juu, akaminya nyuzi zote kwa kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi au mpira ili chombo chake kipate sauti nyembamba. Wa kwanza akiacha nafasi, wa pili huijaza. Wa pili akirefusha neno, wa kwanza hulikata. Huo ni ufundi wa kumwachia mwenzako pumzi, na mtu asiyeweza kunyamaza hawezi kuwa mmoja wa wapigaji wawili. Wangapi kati ya watunzi wetu wa malumbano wangefaulu mtihani huo?

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 muziki huu ulirudi mashariki. Peter Colmore, mtayarishaji wa Nairobi, aliwaleta Bosco na Masengo Kenya, wakaimba redioni na kutangaza bidhaa za viwandani, dawa ya maumivu ya kichwa ikiwa mojawapo. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba Kiswahili kilichokwenda Katanga na misafara ya shaba na pembe kilirudi kikiuza vidonge. Lakini kilirudi, na vijana wa Kenya na Tanganyika walikaa karibu na redio wakijaribu kuyafumbua mafumbo ya vidole viwili.

Hawakuiga tu. Magharibi mwa Kenya, kwa Waluhya, George Mukabi alikuwa na mtindo wake ulioitwa omutibo, wenye gumba zito na sauti mbili za kuimba zilizokumbatiana. Aliuawa mwaka 1963 angali kijana, na mtindo ukabaki. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, waliojiita Abana ba Nasery, walitumia magitaa mawili na chupa ya Fanta, ile yenye mistari iliyoinuka ubavuni, ikikwaruzwa kwa kipande cha chuma. Mtu anayewakumbuka Trio Matamoros, magitaa mawili na maracas, hushangaa jinsi umbo lile lile lilivyopata makao Kakamega na Vihiga kwa kutumia chupa ya soda. Moshi, Frank Humplick na dada zake wawili waliimba kwa sauti zilizopangwa kwa utaratibu mzuri juu ya gitaa kavu. Pwani nako alikuwapo Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa India na Burma na kikosi cha burudani cha KAR. Gitaa lake lilikuwa na upangaji wa sauti uliojifunza kwa jazz na rumba, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa karibu na bahari. Hao wote walikuwa wa zama moja, na walisikilizana.

Nyimbo zenyewe zilizungumza nini? Zilizungumza mshahara usiofika mwisho wa mwezi, mke aliyeachwa kijijini na mume aliyepotelea mjini, pombe, treni, barua isiyojibiwa, na kifo. Hayo ndiyo maisha ya mji wa kikoloni, na katika diwani zetu zilizochapishwa miaka ile huyakuti mara nyingi. Washairi wa pwani waliandika juu ya adabu, dini, mapenzi na siasa kwa ustadi mkubwa. Wapigaji wa gitaa waliandika kodi ya nyumba. Mtu atakaye kujua karani au mchimba migodi wa mwaka 1955 aliona nini alipoamka hana budi kuwasikiliza.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba Kiswahili cha Katanga kimevunjika, ngeli zake zimechanganyika, na kwamba fasihi haiwezi kusimama juu ya sarufi iliyolegea. Jibu hilo lina uzito, lakini linapotoka kinywani mwa mtu wa pwani au wa visiwani lina ajabu yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi yake mwaka 1930, Kimvita na Kiamu, lugha za tenzi kongwe kuliko zote tulizo nazo, ziligeuka kuwa lahaja za kusahihishwa. Watoto wa Mombasa walikosolewa shuleni kwa kuandika kama alivyosema Muyaka. Msemaji wa Kipemba au wa Kimakunduchi bado analijua jicho linalomtazama anapofungua kinywa. Sisi tuliofanyiwa hivyo tunawezaje kuitumia fimbo hiyo hiyo kwa wengine? Tukikubali kwamba Kiamu ni Kiswahili ingawa hakimo katika kitabu cha darasani, basi tumekwisha kukubali kanuni nzima: lugha ni ya wale wanaoitumia kwa maisha yao yote, na ushairi hupimwa kwa kile lugha hiyo inachokiweza.

Yako pia matokeo ya kupuuza. Gitaa la umeme lilipoenea katika miaka ya 1960, na bendi kubwa zikaujaza ukumbi kwa tarumbeta na magitaa matatu au manne, majibizano ya wawili yalipungua. Benga ya Kenya ilirithi sehemu yake, kwani gitaa la kwanza na la pili humo bado husemezana kwa kasi. Bosco alialikwa tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, na akafa katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Masengo alifuata mwaka 2003. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu mitindo yao, namna ya kufunga nyuzi na maneno ya nyimbo, iliandikwa na wageni waliochukua taabu ya kwenda kuuliza. Mmoja wao ni John Low, Mwingereza na mpiga gitaa, aliyekwenda Shaba kujifunza kwa wazee wenyewe na kuchapisha shajara yake mwaka 1982. Twamshukuru. Hata hivyo si haki kwamba msomaji wa Kiswahili atakaye kuzisoma nyimbo za Kiswahili alazimike kupitia Kiingereza.

Katika ulimwengu wa leo, mapatano ya magitaa mawili makavu yanayochanganya jazz na flamenco hujaza kumbi za Ulaya na Marekani. Tangu Paco de Lucía na Al Di Meola walipopiga pamoja *Mediterranean Sundance* mwaka 1977, wengi wamefuata, na vijana wetu huwatazama na kuwastahi, jambo lisilo na ubaya. Ubaya ni kudhani kwamba ufundi huo ni wa kuagizwa kutoka nje. Kijana wa Kiswahili anayetaka kujifunza jinsi magitaa mawili yanavyoweza kugawana wimbo pasipo kuumizana anayo shule katika lugha yake mwenyewe, na maneno yake anayaelewa.

Kazi iliyo mbele yetu si kubwa kupita kiasi. Sahani zilizobaki zisikilizwe na watu wanaojua kupima mizani. Maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, *batu* wabaki *batu*, na maelezo yawekwe pale msomaji wa pwani anapokwama, kama tunavyoeleza msamiati wa Kiamu katika *Al-Inkishafi*. Wimbo wa wapigaji wawili uandikwe kwa safu mbili, kila gitaa na mahali pake, ili jicho nalo lione nani alisema na nani alijibu. Watafutwe pia watunzi wa Bagika na Bagalu, Bariadi na kwingineko, ambao hawajaacha kutunga kwa ajili ya sikio la mpinzani; kwao tutajifunza kwamba tabia hii ya kutunga wawili wawili haikungoja sahani za Kuba. Kisha diwani itakayotoka na ikae katika rafu moja na Kamange na Sarahani. Wao, waliojua thamani ya mpinzani hodari, wasingeona haya ya kukaa naye.